Uso wa Mke wa Mtu

Barua ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikakosea mara mbili na mara zote mbili nikaomba karatasi nyingine. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa mjini Bima, mtaani kwetu, kuna watu wema mno wanaonitafutia udhuru. Wanasema mwalimu mkuu alinirubuni. Wanasema mama mjane ana mengi kichwani. Hakuna aliyenishika mkono. Nilitaka binti yangu avue nikabu, na nilitaka ajue kwamba katika jambo hilo mimi ndiye niliyeshinda.

Mimi ni mfumaji wa saruni. Mwaka wa arobaini huu nakaa sakafuni miguu nimeinyosha, mtambo wa kufumia umenibana kiuno, na mgongo wangu siku hizi haujui tena kulala chali. Saruni zangu ndizo wanawake wa hapa wanazojifungia rimpu, moja kiunoni na nyingine kichwani. Na rimpu ina kanuni yake, ambayo zamani ilijulikana hata na mtoto wa kunyonya. Msichana asiye na mume hufunika uso wote, yakabaki macho. Akiolewa hufungua uso, kuanzia kipaji hadi kidevu, ili dunia ijue huyu ana mwenyewe. Mama yangu alinifunika nilipovunja ungo, akanifungua asubuhi ya pili ya ndoa yangu, nikatoka nje nikasikia upepo mashavuni kama mtu aliyepandishwa cheo.

Sasa mwanangu Suharni, Harni tunavyomwita, mwanangu wa pekee, ana miaka thelathini na mmoja na mume wake ni Muhtar, mkulima wa vitunguu. Wako kwenye ndoa mwaka wa sita na hawajajaliwa mtoto. Harni alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa mkataba wa mwaka mwaka, miaka saba mfululizo, mshahara wa kununulia mchele na sabuni basi. Mwaka jana jina lake likaingia kwenye orodha ya watakaopewa ajira ya kudumu. Nililia siku hiyo. Nilimpelekea kila jirani sahani ya wali wa nazi, hata wale nisiosemezana nao.

Miezi michache kabla ya orodha hiyo, Ijumaa moja ya mwezi wa Rajabu, mtu alisimama mlangoni kwangu amefunikwa kitambaa cheusi mpaka chini ya macho.

"Nani wewe?" nikauliza.

"Mimi, Mama."

"Mimi nani? Binti yangu mimi ana pua."

Akacheka, akakiinua kile kitambaa. "Si hii hapa. Haijaenda popote."

"Muhtar kakulazimisha?"

"Muhtar hajui hata kandambili zake ziko wapi, atanilazimisha mimi kitu gani?"

"Sasa nini?"

"Nimesoma, nimefikiri, nimeona ndivyo ninavyotaka kuwa mbele ya Mungu wangu. Basi."

"Haiwezi kuwa basi. Wewe una mume, Harni. Mwenye mume hufungua uso. Ukipita hivyo barabarani unajitangaza mwali."

"Hiyo ni rimpu, Mama. Hii ni nyingine."

"Kitambaa ni kitambaa. Na macho ya watu wa Bima ni yale yale."

Hakunibishia zaidi. Alikitundika kitambaa chake juu ya msumari wa mlangoni, akaingia jikoni, akafunua chungu cha samaki wa ukwaju kuona kama nimembakishia kichwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila Ijumaa. Mbele yangu alikaa uso wazi, akala, akanisimulia vituko vya watoto wake wa darasani, na mimi kila Ijumaa nikaanza upya maneno yangu ya mwali na mke wa mtu. Nilimchosha. Najua nilimchosha kwa sababu hata mimi nilichoka.

Watu nao wakaniandama kana kwamba kile kitambaa nilikikata mimi. Kaka yangu Syamsu, aliyeendesha lori Jeddah miaka tisa, alikuja akajinyoosha barazani.

"Kule nimewaona, dada. Lakini wale wana jangwa, wana vumbi. Sisi tuna nini cha kujifunikia? Harufu ya vitunguu?"

Jirani yangu Jaenab, anayekaanga ndizi pale njia panda, alikuwa upande wa Harni.

"Mwache mtoto," aliniambia. "Angevaa suruali ya kubana ungesemaje?"

"Ningemwambia avue."

"Na hii unamwambia avue. Basi shida si nguo, Ina Harni. Shida ni wewe usiposikilizwa."

Aliniita Ina, yaani mama, kwa heshima, na bado sikununua ndizi zake wiki nzima. Nikamfuata imamu, nikijua kwamba imamu wetu si mtu wa makuu, atakuwa upande wangu. Akanywa kahawa yake yote kwanza.

"Si faradhi," akasema, "wala si haramu."

"Sasa ni nini?"

"Ni uso wake."

Nikamwambia kwa majibu ya namna hiyo atazeekea kwenye msikiti huu huu mdogo. Akasema inshallah.

Muhtar mwenyewe nilimkuta shambani, amechutama kwenye matuta. "Mimi namuona nyumbani, Mama," alisema bila kuinua kichwa. "Nikila namuona, nikiamka namuona. Wengine wakimuona wananipa nini?"

Kwa pembeni ndiko kulikosemwa mabaya. Walimwita ninja. Walisema anaficha uso kwa aibu ya kutozaa. Wengine walisema Muhtar anampiga, anafunika alama. Hilo la mwisho lilininyima usingizi, na Ijumaa moja nilijifanya namfuta unga shavuni, kumbe napapasa kama pana uvimbe. Hapakuwa na kitu. Alinitazama akaelewa, akaniacha nimpapase mpaka niridhike.

Kilichonivunja ni jioni ya hina, kwa binti wa mpwa wangu. Tulikuwa wanawake watupu ukumbini, mmoja mmoja tunampaka bibi harusi hina kiganjani, wasichana wanagombea mayai yaliyopambwa wanayogawiwa wageni. Harni alichelewa. Alipoingia, wapiga ngoma wanaume walikuwa bado pale mlangoni wanafungasha vyombo vyao, kwa hiyo akakaa pembeni uso umefunikwa mpaka waondoke. Kando yangu alikuwepo bibi mmoja wa milimani, mgeni wa upande wa bwana harusi, meno yamekwisha kwa tambuu. Akamtazama Harni, akanigusa goti.

"Yule mwali wa nani? Ana macho ya heshima."

Nikageukia sahani ya hina. Akadhani namwonea haya.

"Mwanangu amefiwa na mke mwaka wa pili sasa. Ana ng'ombe kumi na moja na farasi wawili. Nauliza tu, yule ana mtu?"

Bibi wa watu hakukosea kitu. Kule kwao bado wanasoma nguo kama tulivyoisoma sisi, na nguo ilimwambia huyu ni mwali. Lakini aliuliza kwa sauti ya kiziwi. Ukumbi mzima ulisikia. Wakaanza kucheka, kwanza wasichana, halafu wamama, halafu bibi harusi mwenyewe na hina yake mbichi.

"Ina Harni, posa hiyo!" mtu akasema. "Usikatae ng'ombe kumi na moja."

"Muhtar atapewa farasi mmoja kama fidia," akasema mwingine.

Harni naye alicheka. Mabega yake yalitikisika ndani ya vazi lake, akaja akambusu yule bibi mkono na kumwambia kwa adabu kuwa ana mume tayari, ila amsalimie huyo mwenye farasi. Kwake ilikuwa kichekesho cha kwenda kumsimulia Muhtar. Mimi nilihisi nimevuliwa nguo. Mfumaji mimi, ninayewafundisha mabinti wa mji huu kufunga rimpu, binti yangu anaposwa hadharani kwa kutojua kufunika na kufungua. Niliondoka kabla ya chakula.

Siku mbili baadaye akaja mwalimu mkuu.

Burhanudin namjua tangu yuko kwenye kaptula. Ni mtu wa maneno laini, anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa na wewe unaona unang'aa. Alikuja kuagiza saruni. Mwezi uliofuata mji ulikuwa unafanya maandamano makubwa ya rimpu, wakubwa wa mkoa watakuwepo na wapiga picha kutoka Jakarta, na kila shule ilitakiwa kuleta safu yake ya walimu wanawake. Akanisifia kazi yangu, akanywa chai, halafu akashusha pumzi.

"Ina, kuna jambo la Harni."

"Jambo gani?"

"Hiyo nikabu. Wazazi wanalalamika. Watoto wa darasa la kwanza wanajifunza herufi kwa kutazama mdomo wa mwalimu. Sasa wanatazama kitambaa. Na wakaguzi wa ajira wanakuja Jumatatu ile baada ya maandamano. Wakimkuta hivyo, jina linakatwa."

"Umemwambia?" nikauliza.

"Mimi mwanamume, nikimwambia itakuwa nimemwonea. Lakini akiona wazee wa mtaa wameandika, atafikiri. Wewe ni mtu wa mila, neno lako linasikika. Niandikie barua fupi tu. Nitaiweka kwenye droo. Nitamwonyesha ncha yake, aogope kidogo, avue, apate kazi yake. Mimi na wewe tunataka kitu kimoja."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ngoja nimuulize mwanangu. Mimi nilisema nipe karatasi.

Niliandika kwamba mila ya Bima haimruhusu mwanamke mwenye mume kufunika uso, na afanyaye hivyo anawadanganya watu. Niliandika kwa hamu, kila neno nililomwambia Harni Ijumaa zote zile akalipuuza, nikaliona sasa limetulia mahali ambapo hawezi kulicheka. Burhanudin akasoma, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

"Ongeza lile la watoto kutoona mdomo."

Nikaongeza.

"Na uandike kuwa wewe ni mama yake mzazi. Linakuwa na uzito."

Nikaandika.

Mwezi mzima baada ya hapo nilisubiri Harni aje uso wazi. Alikuja kila Ijumaa na kitambaa chake, akakitundika, akala, akaondoka. Nikajisemea labda Burhanudin bado hajamwonyesha ile ncha. Sikumuuliza yeyote. Nilikuwa na saruni za watu za kumaliza, na nilifuma kwa furaha ya mtu anayejua siri.

Jumamosi ya maandamano tulifika shuleni alfajiri kuwavisha walimu. Tulikuwa wafumaji watatu kwenye darasa moja, madirisha tumeyaziba kwa mikeka, wanaume wako uwanjani. Burhanudin akapiga hodi na kusimama nje ya mlango.

"Ina, kuna tatizo. Safu ya wasichana ni fupi. Walimu wasioolewa ni wanne tu, na mbele ya jukwaa wametaka safu ndefu ya nyuso zilizofunikwa. Ndiyo wapiga picha wanayoitaka."

"Sasa nikuzalie wengine?"

"Wafunike wote walio chini ya miaka arobaini. Nani atajua?"

"Hao wana waume, Burhanudin."

"Ni maonyesho tu, Ina. Harni namtaka katikati, mbele kabisa. Yeye amezoea."

Walimu wakacheka, na Harni akacheka kidogo. Halafu akaenda mpaka karibu na mlango, akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, na Jumatatu je?"

"Jumatatu ni Jumatatu," Burhanudin akajibu, nikasikia viatu vyake vikienda zake.

Harni akaja akasimama mbele yangu uso wazi, mikono ameiteremsha, kama alivyokuwa akisimama mdogo nikimvisha sare ya shule. Nikaikunja saruni, nyekundu yenye mistari ya rangi ya embe, nikaipitisha nyuma ya kichwa chake.

"Mama, mimi nina mume," akasema.

"Najua."

"Si ulisema ni kudanganya watu?"

"Leo ni maonyesho."

"Ah." Alinitazama. "Kwa hiyo wakitaka wapiga picha inafaa. Nikitaka mimi haifai."

"Usinichokoze asubuhi asubuhi. Simama vizuri."

Nilikuwa na pini mdomoni, nikazifanya kisingizio cha kutojibu. Alikuwa na jasho juu ya mdomo na alikuwa amepungua mashavu. Nikavuta saruni kutoka shavu la kushoto, nikaipitisha juu ya pua, nikaifunga kwenye sikio la kulia, macho yakabaki peke yake. Sijapata kumfunga mtu rimpu ikakaa vizuri kama ile. Nilimwambia hivyo. Akasema asante, Mama. Uso wa mwanangu sijauona tena tangu asubuhi hiyo.

Maandamano yalikwenda vizuri. Wakubwa walipiga makofi, mmoja akasema kwenye kipaza sauti kuwa hiki ndicho kitambulisho chetu na haya ndiyo maadili ya mama zetu. Wapiga picha walimwinamia Harni kama nzi. Bibi mmoja kando yangu aliuliza kwa nini yule mke wa Muhtar amefungwa rimpu ya mwali, nikajifanya sikusikia.

Jumatatu, karibu na adhuhuri, nilikuwa nimekaa kwenye mtambo. Harni akaingia. Hakugusa kitambaa chake, hakuutazama msumari. Alisimama katikati ya chumba na karatasi mkononi.

"Umeandika vizuri, Mama," akasema. "Herufi zako zimenyooka."

Mkono wangu ulibaki na uzi hewani. Nikataka kusimama, na mtu aliyefungwa kwenye mtambo hawezi kusimama upesi.

"Alisema itakaa kwenye droo."

"Wamenisomea mbele ya wanaume watatu. Wakaguzi wawili na mwalimu mkuu. Walipofika kwenye mama mzazi, yule mkaguzi mzee akaacha kusoma akanitazama kwa huruma. Nimevumilia yote, lakini ile huruma yake ilinishinda."

"Nilitaka uvue tu, Harni. Nilitaka upate kazi."

"Najua."

"Sasa ungevua siku moja tu, mwanangu, siku ya wakaguzi tu. Watoto hawakuoni mdomo, wangekuona—"

"Darasani nafunua."

Sikuelewa.

"Darasani nafunua, Mama. Tangu siku ya kwanza. Nafunga mlango, nafunua uso, nafundisha. Wale ni watoto wa miaka sita. Wananiona meno, wananiona ulimi, wananihesabia chunusi. Akija mwanamume anapiga hodi, nafunika. Mwalimu mkuu anajua, na wazazi wanajua kwa sababu watoto wao huwaambia. Hakuna mzazi aliyelalamika. Nimewaambia wakaguzi hivyo, wakanionyesha maneno ya mama yangu. Nani atamsadiki mwalimu akibishana na mama yake?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Nilitafuta siku moja niliyomuuliza, Ijumaa hata moja, nikaikosa. Nilimuuliza kama analazimishwa. Nilimuuliza watu watasema nini. Nilimpapasa shavu nikitafuta ngumi ya mumewe. Lakini kumuuliza siku yako inakwendaje huko darasani na hicho kitambaa chako, hilo halikupita hata karibu na ulimi wangu.

"Kila mtu alikuwa na sababu yake ya kunipa," akasema. "Muhtar, kuiga watu wa Jeddah, utasa. Mimi niliwaambia ni kwa ajili ya Mungu, ikawa ndiyo sababu pekee isiyoaminika. Nilivumilia kwa sababu nilijua wewe una kelele tu. Niliwaambia hata walimu wenzangu, mama yangu ana kelele, lakini hawezi kunitupa."

Akaiweka ile karatasi juu ya kikapu cha nyuzi, akainama akanibusu mkono kitambaa kikiwa bado usoni, akatoka.

Nilikwenda shuleni mguu peku. Burhanudin alinipokea vizuri, hata kiti akanivutia.

"Uliniahidi droo," nikamwambia.

"Wakaguzi wana haki ya kufungua droo, Ina."

"Kwamba alikuwa akifunua darasani ulijua."

"Barua uliandika wewe. Nilikulazimisha?"

Nilimtukana. Nilimtukana yeye na tumbo lake na kaptula zake za utotoni, kwa sauti iliyowafanya watoto wajazane madirishani, na miongoni mwao walikuwepo wa darasa la kwanza wanaosubiri mwalimu wao. Yeye alisubiri nimalize, akanikumbusha kwamba mwakani kuna maandamano mengine na saruni zangu zimependwa sana. Jina la Harni lilikatwa, na nafasi yake akapewa binti wa shemeji wa Burhanudin. Niliandika barua ya pili, kurasa tatu, nikaikanusha ile ya kwanza neno kwa neno, nikaipeleka mwenyewe kwa wakaguzi. Niliambiwa orodha imekwisha kufungwa.

Siwezi kusema Harni amenikata. Jaenab ananiambia nishukuru, kuna mabinti ambao wangehama mji. Harni anakuja kila Ijumaa kama zamani. Siku hizi anamsaidia Muhtar kuchambua vitunguu, na jioni anafundisha watoto wachache barazani kwake bure. Huniletea vitunguu vilivyofungwa mafungu mazuri. Hunibusu mkono, huuliza mgongo wangu, huniosheа vyombo hata nikikataa.

Ijumaa ya kwanza baada ya barua kusomwa nilifunga mlango kwa komeo, nikateremsha mapazia.

"Tuko wawili tu, mwanangu," nikasema. "Funua upumue."

"Nina mafua, Mama. Nisije nikakuambukiza."

Chai aliinywa kwa chini, ameinua pembe ya kitambaa kwa vidole viwili. Samaki hakula. Ijumaa ya pili alikuwa na mafua. Ijumaa ya tatu pia, na ilikuwa siku ya joto ambayo kuku walikuwa wamelala na midomo wazi. Sasa imetimia miezi mitano. Dini inaniruhusu kuuona uso ule, mila inaniruhusu, mumewe angeniruhusu. Nimekwenda kwa imamu kumuuliza kama binti ana haki ya kumfanyia mama yake hivyo, na yeye hakunywa hata kahawa, alinitazama tu mpaka nikaaga.

Kwa Jaenab anafunua. Kwa wanawake wenzake wa kwenye vitunguu anafunua. Juzi Jaenab alikuja na ndizi zake kwenye karatasi, akakaa, akazunguka zunguka na maneno.

"Mwanao uso umejaa siku hizi," akasema hatimaye. "Umejaa, unang'aa, na hapa kwenye mashavu pameingia kiza kidogo, kile cha wenye mimba. Nikamtania. Akacheka, hakukataa. Nikadhani wewe ndiye wa kwanza kujua."

"Najua," nikamwambia. "Kaniambia."

Jaenab alinisogezea ndizi. Nilikula zote, sikusikia ladha hata ya moja.

Jana ilikuwa Ijumaa. Harni alikuja na vitunguu, akakaa pale pale, vazi limemfunika kutoka kichwani hadi miguuni, na mimi nikakaa namtazama macho, nikijaribu kusoma humo yale ambayo jirani muuza ndizi ameyasoma bure. Yalikuwa macho ya heshima, kama alivyosema yule bibi wa milimani.

"Mafua yanaendeleaje, mwanangu?"

"Bado, Mama."

"Pole," nikasema, nikammiminia chai.